Matundu Matatu

Ilinijia saa nne na robo usiku,
umeme ndo kwanza umerudi Limbani,
feni inazunguka kwa kujivuta:
picha ya boflo lililopasuliwa kati,
ndani yake mjusi kafiri, kakauka, mkia kaukunja.
Chini: Mkate wa Wete huu. Wa yule mama wa karibu na skuli.

Jina halikuwamo.
Jina nilitia mimi.

Si kwa ubaya, wallahi.
Asubuhi ile nilikula boflo lake,
nikashika tumbo nikahisi kitu kinatambaa,
na kidole kikatangulia mbele ya akili:
Jamani tahasarini, huyu si Bi Tumu?
Nilikusudia tahadharini. Haraka.
Hasara imo ndani ya neno, sikuiona.

Alama ya swali niliitia, nakumbuka.
Lakini kitu chepesi kile,
kilidondoka kabla hakijafika Chake.

Kundi letu la ukoo, watu sitini na wawili,
la harusi na maiti na michango.
Biubwa yuko Maskati. Asaa, Mombasa.
Shaame hasemi neno, kila Ijumaa hutuma maua.
Kabla ya adhana Biubwa alituma sauti, analia:
"Na mimi nililetewa saba, mwezi wa tatu! Nikawapa na watoto!"

Bi Tumu huoka mikate mia na ishirini.
Siku ya tatu aliuza tisa.
Iliyobaki aliwatupia kuku wa jirani,
na jirani akawafungia kuku wake.

Aliyeona ni Faki, mtoto wa dada yangu, fundi umeme,
mtu hasomi ujumbe hata umwite kwa jina.
Aliivuta picha kwa vidole viwili,
akampita mjusi, akalipita boflo, akafika ukutani.
"Khaloo, soketi hii ina matundu mawili, ya duara.
Mwaka wa tisa napasua kuta za Wete,
sijatia hii hata moja. Zetu matundu matatu."

Nikahesabu. Kwangu matatu.
Kwa jirani matatu.
Msikitini, upande wa wanawake, matatu.

Ule wa uongo niliutuma kwa pumzi moja.
Wa kweli niliuandika mara nne nikafuta mara tatu:
mrefu, una soketi, una samahani,
na samahani haiandikiki mbio.
Watu hamsini na wanne wakasoma.
Kidole gumba kimoja.
Biubwa: "Hata kama si yeye, tahadhari si mbaya."
Shaame: maua, na haikuwa Ijumaa.

Nikawapigia mmoja mmoja.
Uliipeleka wapi?
"Kwa watu tu."
Watu gani?
"Mbona nimeshaifuta, usijali."
Amefuta kwake.
Kakaanga papa, kafunga dirisha lake,
harufu imo chumbani kwa mwenziwe.

Siku ya kumi na moja ilinirudia,
kwa mwanamke wa Makunduchi niliyelazwa naye wodi ya wazazi.
Mjusi yule yule.
Wete imekuwa Mkoani,
mama amekuwa babu mmoja mwenye tanuri,
na juu, bila swali, bila jina langu:
Jamani tahasarini.
Kosa langu la herufi, zima, halijaguswa.
Niliyemzaa mwenyewe ananibishia hodi, hanijui.

Tangu hapo sina maneno, nina meno.
Saa moja kasoro, watoto wakenda skuli,
nanunua boflo, nakaa kibarazani kwa Bi Tumu,
nalipasua kati,
nawageuzia wapitao ndani yake, kweupe,
kisha nalila. Kavu. Bila chai.

Bi Tumu hajaniuliza kwa nini.
Jana alinirejeshea chenji,
akaihesabu mara mbili mbele yangu, kama kwa mgeni.

Leo ameuza arubaini na mmoja.
Mingine tunajua iliko, iko kwenye trei.
Picha ndiyo sijui imelala simu ya nani,
inangoja umeme urudi.